Matanga ya Mwanamke Aliyekuwa Hai

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995. Upepo tangu alfajiri, vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Watu wanachoma pori upande wa Kabungu, na moshi umelifanya jua liwe kama kiini cha yai. Asubuhi baridi, mchana joto.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari kabla hatujatoka, nikaacha kurasa mbili tupu nizijaze tukirudi. Hazikutosha. Mengine nimeyaandika baadaye kwa kukumbuka, na mimi si mtu wa kuiamini sana kumbukumbu yangu. Nimesoma darasa la saba tu, na hata huko nilikuwa wa katikati. Nikikosea mahali, nimekosea kwa kutojua.

Mama mkwe wangu alikuwa kwetu Mpanda wiki ya tatu. Mume wangu alikwenda kumchukua Kabungu kwa baiskeli, akamkalisha nyuma kwenye keria, kwa sababu macho yake yalikuwa yanazimika. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanga na giza alikuwa anavitofautisha, na mtu akipita mbele yake alimwona kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba, lakini sura hakuna. Wajukuu zake wawili wa mwisho aliwajua kwa kuwapapasa. Tabora kulikuwa na daktari wa macho aliyekubali kumpasua, na alitupa siku yake, Jumatano. Treni yetu ilikuwa ya Jumatatu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi stesheni, kwenye kubadilisha njia za treni, na alimwombea mama yake pasi ya kusafiria, na mimi nikaandikwa humo kama mtu wa kumshika mkono. Pasi ile ilikuwa ya Jumatatu ile tu. Ikipita, kuomba nyingine ni mpaka mwaka ujao, na tabibu wa hapa Mpanda alishatuambia kwamba kwa mwaka ujao yeye haahidi kitu.

Mama hakuwahi kusema hataki. Hilo niliseme kwa haki. Alisema tu kwamba treni inatikisa. Kesho yake alisema Tabora hana ndugu. Keshokutwa alikumbuka kuku wake. Mume wangu akaishusha kalenda ya ukutani, akaandika nyuma yake matembezi yote tutakayomtembeza macho yakifunguka. Kwanza kwetu mimi, Mamba, wakati wa kuvuna mpunga, akawaone wazazi wangu. Halafu Karema, akalione ziwa. Halafu Mishamo kwa shoga yake wa zamani waliyekuwa wakilima naye maharage. Akamsomea orodha yote polepole. Mama akacheka.

"Nyie mnataka kunizungusha kama mgombea udiwani," alisema. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi.

Alicheka, lakini hakusema ndiyo.

Wakati huohuo, Alhamisi, treni ilishusha kikundi cha waigizaji. Mume wangu aliwasaidia kubeba masanduku yao, na mkubwa wao akampa tiketi mbili kwa shukrani. Yeye Jumamosi alikuwa zamu mpaka jioni, kwa hiyo tiketi zikawa zangu na mama. Nilimwambia mume wangu kwamba itamsaidia mama kuzoea kelele na watu wengi kabla ya safari. Ilikuwa kweli kiasi. Kweli nyingine ni kwamba sikuwahi kuona mchezo wa kuigiza tangu ule wa shuleni, ambao mimi niliigiza kuwa mti, na nilitamani sana kwenda. Mama nilimfanya kisingizio. Mpaka leo sijui kama nilikosea.

Tulifika saa kumi. Ukumbi ni ule wa zamani uliojengwa enzi za mgodi, wenye bati lililotoboka. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa magunia ili ndani kuwe na giza, lakini matundu ya bati hawakuweza kuyaziba, na jua lilikuwa linapita humo likishuka kama vijiti vyembamba mpaka sakafuni. Vumbi lilikuwa linacheza ndani ya vijiti vile. Mbele walitundika pazia la mablanketi yaliyoshonwa pamoja. Mimi ni fundi cherehani, nikaona mara moja mshono ule ni wa mkono, na wa haraka. Nilikuwa nauchekacheka moyoni. Halafu pazia likafunguliwa, na sikuukumbuka tena.

Jukwaani kulikuwa na benchi moja. Basi. Benchi kama lile nililokalia mimi. Akaja mwanamke na mwanamume, wakakaa, na benchi likawa kitanda cha watu waliooana juzi. Wakasimama, wakaligeuza, likawa kizingiti cha nyumba. Mwanamume akabeba mzigo, akaaga kwamba anakwenda kuchimba dhahabu na atarudi kabla ya mvua. Akatembea. Alikuwa anatembea palepale, hasogei hata hatua, magoti yanapanda na kushuka, na mimi naapa niliiona barabara. Niliiona ikipanda kilima. Nilijishika mkono wangu mwenyewe kama mtu anayehakikisha hajalala.

Na yote hayo ilibidi nimweleze mama sikioni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. "Sasa anaondoka. Sasa yuko mbali. Sasa mke amebaki mlangoni." Nilikuwa naogopa kuongeza chumvi na naogopa kupunguza, kwa sababu yeye hakuwa na kingine cha kuonea isipokuwa maneno yangu. Jambo la ajabu ni kwamba kila nililomwambia nililiona vizuri zaidi baada ya kulisema. Wala sikuwahi kufikiri kwamba mdomo unaweza kuyasaidia macho.

Yule mke wa mchezoni alichukua ufagio. Alisema atakuwa anafagia njia kila asubuhi, isije ikaota majani mumewe akapotea. Akafagia. Mbao za jukwaa zilikuwa tupu, hakuna hata jani, lakini ule ufagio ulikuwa wa kweli, wa chelewa, na sauti yake ilijaa ukumbi mzima. Mama akaniminya mkono ninyamaze.

"Huyu sihitaji unisimulie," alisema. "Anafagia vizuri. Anavuta kwake, hatupi mbele. Ana mama, huyu."

Ikapita mvua ya kwanza, ambayo waliifanya kwa kumwaga mahindi makavu kwenye karai huko nyuma. Mama akanong'ona kwamba hiyo mvua imechelewa, mbegu zimeoza. Ikapita mvua ya pili. Mwanamke akawa anakohoa, mgongo umepinda, nywele ameshazipaka majivu. Kila asubuhi anafagia. Kila asubuhi ufagio unachelewa kidogo zaidi. Halafu katikati ya kufagia akakaa chini, akajilaza ubavu, na ufagio ukanyamaza.

Hapo mama aliniuliza, "Mbona kimya? Amefanya nini?"

Nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi sana. Ningeweza kusema amelala. Ningeweza kusema anaigiza kwamba amekufa. Lakini nilikuwa nimejiwekea sharti la kumwambia ninachokiona, na nilichokiona ndicho nilichomwambia.

"Amekufa, mama."

Akashuka kwenye benchi. Alishuka taratibu, mkono mmoja begani kwangu, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha, akajifunika khanga kichwani. Kisha akalia. Ilikuwa ile sauti ya Kibende ya kilio cha mtu mzima, inayoanzia chini na kupanda, na maneno ndani yake ya kumwita marehemu na kumuuliza amemwachia nani. Hata mimi niliyeolewa kwao miaka kumi na mbili sikuyaelewa yote.

Nyuma yetu kijana mmoja alicheka. "Bibi, huo mchezo. Subiri, atafufuka sasa hivi akanywe soda." Watu wakacheka naye. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso. Lakini benchi la mbele yetu kulikuwa na mama mmoja mnene wa Kisukuma, mwenye bangili mikononi, na yeye akashuka, akakaa chini. Hakulia. Alikaa tu, kwa sababu mwenzake amekaa. Baadaye akashuka mwingine. Halafu nikasikia mabenchi yanalia ukumbi mzima, upande wetu na upande wa pili, wanawake wanashuka, wengine wakimlilia sijui nani wao. Na mimi nikashuka. Wanaume wakavua kofia. Yule kijana wa soda naye aliitoa yake, nilimwona, na nalisema hili kwa sababu nilishamsema vibaya.

Mume wa mchezoni akaingia na mzigo begani, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alitazama ukumbi, wanawake wote wako sakafuni, na nikaona wazi kwamba hakujua afanye nini. Akaweka mzigo chini, akavua viatu, akashuka jukwaani akaja kwetu, akawa anachuchumaa mbele ya kila mwanamke wa mistari ya mbele na kumpa mkono, kama mtu aliyefika msibani kutoka safari.

"Poleni, mama zangu."

Alipofika kwa mama, mama aliushika ule mkono hakuuachia.

"Asante, baba. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama," yule mwigizaji alisema, na machozi yakamtoka. Sijui kama yalikuwa machozi ya kazi yake au yake mwenyewe. Nilikuwa nusu mita kutoka usoni pake na sikuweza kutofautisha.

Kisha ngoma ikapigwa, magunia yakatolewa madirishani, jua la jioni likaingia, na waigizaji wote wakajipanga mbele kutusalimu, marehemu akiwa wa tatu kutoka kushoto. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakanyanyuka, wanajikung'uta khanga, wanacheka kwa aibu, mmoja anasema bibi wa watu ametufanya tulie bure. Mama peke yake hakunyanyuka.

Mume wangu alikuwa ameshatoka zamu na kutufuata. Aliinama akamwambia mama twende, jua linazama.

"Twende vipi?" mama aliuliza. "Nani ameanua matanga?"

"Mama, ule ni mchezo. Yule dada mzima, anavaa viatu."

"Najua ni mchezo. Yaliyokufa ni macho, akili ninayo. Lakini mimi sikulia kwa mchezo. Nimekaa chini na wenzangu wamekaa. Hayo ni matanga, siku nne. Na mtu hasafiri na matanga."

Siku nne kutoka Jumamosi ni Jumatano. Pasi ingekuwa imekufa Jumatatu, na daktari angekuwa ameshaita mtu mwingine. Mume wangu alinigeukia, akaniuliza taratibu nilimwambia nini mama yake. Nikasema nilimwambia amekufa. Akasema, "Si ungesema amelala, mama watoto?" Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma. Nani mwingine angempeleka mgonjwa kwenye kilio siku mbili kabla ya safari, halafu akamtangazia msiba kwa mdomo wake?

Niliwaza pia kwamba labda mama ameupata mlango wa kutokea. Labda treni ilikuwa inamwogofya na sasa amepata sababu ambayo mtoto wake hawezi kuipinga. Sitaki kumsingizia. Lakini niliutazama mkono wake, ulikuwa umelikunja pindo la khanga kiganjani, na kushika kule kungeweza kuwa kwa msiba na kungeweza kuwa kwa hofu. Labda hata yeye hakujua. Nikachuchumaa, nikamuuliza kama kwao hakuna namna ya kuanua mapema.

Halafu akasema ipo moja. Zamani mtu akipotea porini au machimboni, akaliliwa kwamba amekufa, kisha akarudi mzima, matanga huanuliwa na yeye mwenyewe siku hiyohiyo. Anakwenda kwa waliomlilia, anafagia uwanja kabla jua halijazama, anakula nao, imekwisha. Kama ni mila ya Wabende wote au ya ukoo wao tu sijui. Nimewahi kuuliza baadaye, nikajibiwa yote mawili.

"Basi aje mwenyewe," mama alisema. "Asipokuja, msinisumbue na pasi yenu."

Nilikwenda nyuma ya pazia. Nilimkuta marehemu amekaa juu ya sanduku anajifuta majivu kwa kitambaa. Kwa karibu alikuwa binti tu, labda wa miaka ishirini na tano, amechoka, na kile kikohozi kumbe kilikuwa chake cha kweli. Nilimwita dada, nikamweleza vibayavibaya, nikiruka na kurudi. Nilitegemea acheke. Aliniuliza kwanza nyumbani ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni nyuma ya stesheni, dakika kumi.

"Tangu tuanze safari hii nimekufa kila mji," alisema, anafunga kamba za viatu. "Watu wanapiga makofi. Hakuna aliyewahi kukaa chini." Akachukua ufagio wake.

Tulikwenda haraka. Mume wangu alimshika mama mkono mmoja, mimi mwingine, yule binti anatutangulia na ufagio begani, na watu wa njiani wanamnyooshea kidole kwamba yule si ndiye aliyekufa? Jua lilikuwa limegusa miti, jekundu, kubwa, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Mama alikuwa anauliza kila baada ya hatua chache, bado lipo? Nami namjibu lipo, mama. Safari hii niliapa moyoni kwamba likizama kabla hatujafika nitamwambia limezama. Nashukuru sikujaribiwa.

Mama alikaa mlangoni kwenye mkeka. Yule binti hakuambiwa aanzie wapi. Alianzia kwenye kizingiti, akavuta kwake, mstari kwa mstari, mpaka kwenye njia ya kwenda stesheni. Upepo ulikuwa umetulia. Uwanja wetu ni wa vumbi tupu na hapa ufagio uliacha michirizi, ya kweli, mizuri kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nimeufagia uwanja ule miaka na sikujua kwamba unaweza kuonekana vile. Majirani walisimama uani kwao. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Ndiye," alisema.

Binti akaja kupiga magoti mbele yake, na mama akampapasa uso: paji, pua, mashavu, majivu yaliyobaki nyuma ya sikio. Alipapasa muda mrefu, kama alivyowapapasa wajukuu zake. Akamuuliza nani alimfundisha kufagia, naye akasema mama yake. Akamuuliza wanaondoka lini. Jumatatu, binti alisema, kwa treni, wana onyesho Tabora.

"Behewa gani?"

"La daraja la tatu, bibi. Sisi wote."

Mama akamgeukia mtoto wake, au pale alipomsikia anapumua. "Na hiyo pasi yenu ni ya behewa gani?"

Mume wangu akasema ni hilohilo la tatu.

"Basi nitakaa naye. Inatikisa sana?"

"Inatikisa," binti alisema. "Mimi huwa naogopa mpaka tuvuke mto wa kwanza. Halafu nalala."

"Utaogopa na mimi, basi," mama alisema. Akaniambia nilete maji ya kunawa.

Mume wangu alitoa ile pasi kwenye mfuko wa shati, akaichomeka kwenye kifurushi cha mama, chini ya khanga yake ya safari, na hakuna aliyemzuia. Kalenda ikashushwa tena ukutani. Mama alitaka safari ya Mamba ibaki ya kwanza lakini Karema iandikwe kwamba atakaa siku mbili, si moja, kwa sababu ziwa analikumbuka ni kubwa na hataki kuharakishwa. Kisha akasema tuongeze ya nne. Tukamuuliza wapi. Akasema siku yoyote waigizaji wakirudi Mpanda, akauone ule mchezo, maana mpaka sasa ameusikia tu.

Sikuwa nimepika kitu cha mgeni. Nilikuwa na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, niliyoiweka iwe chakula chetu cha njiani, nikaitoa yote, nikaiunga kwa karanga, nikasonga ugali wa mahindi. Mama alikata tonge la kwanza, akalichovya, akamlisha yule binti kwa mkono wake, halafu sote tukala kwenye sinia moja, na kisamvu kilichobaki cha mchana.